Kipindi cha Nne, Uvinza

Chaki zimeisha tangu Jumanne,
kwa hiyo mbingu nimeitoa nje,
uwanjani, kati ya choo cha wasichana na reli.

Jua ni Stefania, kwa sababu ya urefu
na sweta lake jekundu.
Utaridi ni Yusto, hatua tatu kutoka kwake.
Zuhura kadai mwenyewe: "Jina ninalo tangu kliniki, mwalimu."
Dunia ni Bukuru. Mirihi, Nestori.
Butoyi, pacha wa Bukuru, nimempeleka mbali kuwa Zohali,
naye kaenda akigeuka-geuka
kama mtu aliyetumwa dukani bila hela.

Kamba za mkonge zimefungwa kiunoni kwa Stefania,
kila sayari na yake. Kwa Butoyi haikufika.
Nimemwambia ashike hewa.
"Zungukeni." Wanazunguka. Vumbi.
Kwa dakika nne hivi ulimwengu ni mzima.

Halafu nawaambia lililo gumu:
nyota kama hii haifi kwa kuzimika kama kibatari.
Kwanza inavimba.
Kuni za moyoni zikiisha, inawasha za pembeni,
inakuwa nyekundu, inapoa usoni huku inakula.
Stefania anapanua mikono, anatembea.
Yusto kakumbatiwa. Zuhura kakumbatiwa,
yowe la kweli, kisha kicheko.
Bukuru kasimama, kamba imelegea mkononi.
"Na mimi?"
Wenye hesabu zao bado wanabishana, nasema.
Wengine wanakumeza, wengine wanakuacha ukingoni.
"Na maji yangu?"

Maji yako, Bukuru, yatakuwa yameondoka zamani.

Hapa sihitaji kitabu.
Mama yangu alipika chumvi ng'ambo ile miaka kumi na tisa.
Unawasha kuni za miyombo chini ya bati,
maji ya chemchemi yanalia, yananung'unika, yananyamaza,
mvuke unapita juu ya paa bila kuaga,
na chumvi inabaki,
kwa kuwa chumvi haina pa kwenda.
Alirudi macho mekundu, nyufa za vidole zikimchoma.
Hatukumuuliza maji yameenda wapi.
Tuliuliza magunia mangapi.

"Zohali!" naita.
Huko kwenye baridi, kwa kitambo,
barafu yako imeonja adhuhuri yake ya kwanza.
Isikudanganye.
Nyota imepumua nje nusu ya mwili wake,
haina tena uzito wa kukushika.
Rudi nyuma. Tena. Tena.
Butoyi anavuka kokoto, anavuka reli
kinyumenyume, macho kwa pacha wake.

"Sasa vua sweta, Stefania. Chuchumaa."
Kinachobaki ni kidogo, cheupe, kikali:
nusu ya jua, imeshindiliwa hadi ukubwa wa dunia.
Shati lake linaumiza macho.
Na Nestori, Mirihi wangu aliyenusurika,
anajikwaa kwenye kamba isiyo na kazi tena
anamwangukia mgongoni, viganja mbele.

Sikulipanga hilo.
Darasa linacheka, mimi nimebaki nimeduwaa,
kwa sababu ndivyo ilivyo:
katika mwanga wa nyota kongwe kama hizo
watu wamesoma chuma, wamesoma chokaa,
mavumbi ya dunia zilizosagika zikaanguka,
viganja viwili vyekundu kwenye shati jeupe.
"Mama ataniua," anasema Stefania.

Kengele. Uji.
Jua linakimbia, Utaridi na Zuhura wanakimbia,
kamba zimelala zilivyoanguka.
Nahesabu vikombe, kimoja kimezidi.

Ng'ambo ya reli Butoyi bado anarudi nyuma,
hatua kwa hatua, kuelekea mashamba ya mihogo,
ngumi imefumbwa kwenye ile hewa niliyompa.
Hakuna aliyemwambia somo limekwisha.
Bukuru ameshaweka kikombe chake chini.